“Mwambie Baba Yako”



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mume na mke wakiwa nyumbani: mezani, chumbani, katika matumizi ya pesa, katika jumuiya ndogo ndogo. Mara hii nataka kuwapeleka mtoni. Msishangae. Nilichojifunza huko juu ya ndoa sikukipata katika semina nyingi nilizohudhuria.

Mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni, skauti wa parokia walipanga safari ya kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili, kwenda kupiga kambi kando ya mto Sagana na kujifunza kuendesha mitumbwi. Sharti lilikuwa moja tu: kila mvulana aje na baba yake. Asiye na baba aje na babu, mjomba, baba mdogo au baba wa ubatizo. Mimi niliombwa niende nao kama mlezi wao wa kiroho.

Barua zilipelekwa kwa wazazi. Majibu ya kwanza yalikuja upesi sana, nayo yalikuwa ni pesa. Baba mmoja alituma nauli ya watoto wawili ingawa ana mmoja. Mwingine alijitolea kulipia mafuta ya basi, mradi yeye mwenyewe asipande. Wengine waliuliza kama mama anaweza kwenda badala yao, kwa kuwa “yeye ndiye anayemjua mtoto vizuri.” Kiongozi wa skauti, mwalimu mwenye subira nyingi, aliwajibu wote kwa maneno yale yale: “Pesa tumeshukuru. Sasa tunamngoja baba.”

Ndugu msomaji, kabla hujacheka, jiulize wewe ungejibu nini.

MBELE NA NYUMA YA MTUMBWI

Kati ya akina baba waliokuja alikuwako fundi mmoja wa magari na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Habari zao nawasimulieni kwa ruhusa yake na ya mkewe, na majina nimeyaacha. Wala hakuniambia katika kitubio, maana ya kitubio hayaandikwi popote. Alifika dakika ya mwisho, mikono bado ina grisi, akaniambia, “Padre, nimekuja kwa sababu ya mtoto tu. Nyumbani kuna kazi nyingi.”

Mto Sagana wengi wenu mnaujua, maana barabara ya kutoka Nairobi kwenda Karatina na Nyeri inauvuka. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nao ndio mwanzo wa Tana, mto mrefu kuliko yote nchini mwetu, unaokwenda kuishia Bahari ya Hindi. Ziko sehemu za maporomoko ambako vijana wenye nguvu huja kucheza na hatari, na ziko sehemu tulivu. Sisi tulikaa kwenye utulivu.

Asubuhi ya Jumamosi, baridi ya Agosti bado inauma, kijana mmoja wa huko ambaye kazi yake ni kuongoza wageni mtoni alitupanga ukingoni. Kwanza aliyatazama maji. Alitueleza kwamba mvua ikinyesha huko juu milimani, mto unaweza kujaa huku chini jua likiwaka, na dalili yake ni maji kugeuka rangi na kubeba vijiti na majani. Siku hiyo mto ulikuwa salama. Kisha kila mmoja alivalishwa jaketi la kuelea, hata wale waliojigamba kwamba wanajua kuogelea. Baba mmoja alikataa, akisema linambana tumbo. Kijana akamwambia kwa heshima, “Mzee, mto haujui kwamba wewe ni mzee.” Akalivaa.

Halafu akatufundisha. Mtumbwi una watu wawili. Wa mbele hutoa mwendo na kutazama mawe yaliyoko njiani. Wa nyuma hutoa mwendo pia, lakini yeye ndiye huelekeza. Kafi la mmoja likiwa kulia, la mwenzake huwa kushoto, na yote mawili huingia majini kwa pamoja. Wote wawili wakipiga upande mmoja, mtumbwi huzunguka. Mmoja akipiga na mwenzake akistarehe, mtumbwi pia huzunguka. Na wakianza kugombana katikati, akasema, mto hausubiri ugomvi uishe. Unaendelea kuwateremsha.

Kwa kawaida mtu mzito hukaa nyuma. Lakini kwa mzunguko wa kwanza, katika maji yaliyotulia kabisa, yule kijana aliwaweka wana nyuma na akina baba mbele, kwa sababu wavulana walikuwa wamekwisha fanya mazoezi katika bwawa la kuogelea na baba zao hawakuwa wamewahi kushika kafi.

Mtumbwi wa fundi haukufika mbali. Kila mwanawe alipotaka kuuelekeza, yeye aligeuza kichwa na kufoka, “Si huko! Vuta! Huoni?” Na kila alipogeuka, kafi lake lilisimama. Wakazunguka mara tatu, wakaingia kwenye matete. Mtoto hakujibu neno. Yule kijana akawasogelea akasema, “Mzee, wewe tazama mbele, umwambie mtoto kuna nini. Ya nyuma mwachie yeye.” Fundi akanyamaza. Wakatoka katika matete, wakavuka hadi ng’ambo, wakarudi.

Aliposhuka aliniambia kwa sauti ya chini, “Sikujua anaweza.” Miaka kumi na miwili chini ya paa moja, wapendwa, na baba hakujua.

SWALI LA USIKU

Jioni akina baba ndio waliopika. Ugali ulikuwa na madonge, na wavulana walicheka mpaka wakatokwa machozi. Baada ya chakula tuliketi kuzunguka moto, na kiongozi akawasimulia vijana juu ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, wengine wana wa matajiri na wengine wana wa wafanyakazi wa kawaida, akawalaza katika kambi moja. Mwisho wa maisha yake aliishi papa hapa kwetu, Nyeri, akafa tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko. Juu ya jiwe la kaburi kumechorwa duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ambayo skauti huiweka njiani mwisho wa safari. Maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani.

Tukasali, tukaingia katika mahema. Yaliyofuata niliyasikia asubuhi, fundi aliponikuta nikinawa uso kando ya maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

Alisema kwamba walipokuwa wamelala, taa imezimwa, mtoto alimwuliza, “Baba, nikuulize kitu na usikasirike?”

“Uliza.”

“Tukirudi nyumbani nitaendelea kuwaambia?”

“Kutuambia nini?”

“Yale ya ‘mwambie baba yako’ na ‘mwambie mama yako’.”

Hapo fundi alinieleza mambo yalivyokuwa. Mwezi wa Aprili mkewe aligundua kwamba pesa walizokuwa wameweka kwa ajili ya karo ya binti yao mkubwa hazipo. Mume alikuwa amezitoa kumwokoa ndugu yake ambaye biashara yake ilianguka, wala hakumwambia mkewe. Mke aliuliza mara moja. Mume alifoka. Tangu siku hiyo hapakuwa na kelele wala kofi, bali kimya. Waliishi kama wapangaji wawili. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, kodi ililipwa, na Jumapili walikwenda Misa wakaketi benchi moja, mtoto katikati. Wakati wa kutakiana amani kila mmoja alimpa mkono mtoto. Lililohitaji kusemwa lilipitia kwa mtoto. “Mwambie baba yako gesi imeisha.” “Mwambie mama yako nitachelewa.” “Mwambie baba yako shule wameniita.” Miezi minne.

Na usiku ule ndani ya hema mtoto aliongeza jambo ambalo baba yake hakulijua. Alisema, “Wakati mwingine huwa nabadilisha maneno kidogo. Mama akisema vibaya, mimi nakuletea vizuri. Wewe ukisema vibaya, pia nampelekea vizuri. Lakini siku hizi nasahau nani alisema nini, na naogopa mtajua.”

Wapendwa, mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameibeba ndoa ya wazazi wake peke yake, na alikuwa amechoka.

“Padre, nifanye nini?” fundi aliniuliza. Sikuwa na mengi ya kumwambia. Nilimwambia, “Mtoto ameomba kuacha kazi. Mkubalie.”

“Na mama yake asiponisikiliza?”

“Siku ya harusi hukuahidi kumpenda akikusikiliza. Ulimwahidi tu. Sema naye.”

SIKU TATU ZA YOSEFU NA MARIA

Baada ya Misa ya Jumapili, tukiwa bado tumeketi nyasini, niliwasomea Injili ya Luka, sura ya 2, kuanzia aya ya 41, jinsi Yesu, naye akiwa na miaka kumi na miwili, alivyobaki Yerusalemu na wazazi wake wasijue. Walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yuko katika msafara. Hata wazazi watakatifu kuliko wote walimkosa mtoto kwa siku nzima, kwa sababu walidhani yuko pamoja na wengine. Ni mara ngapi katika nyumba zetu baba hudhani mtoto yuko na mama, na mama hudhani yuko na mwalimu, na mwalimu hudhani yuko na wazazi wake?

Lakini tazameni walivyofanya walipogundua. Yosefu hakumwambia Maria, “Ni kosa lako.” Maria hakubaki njiani na kumtuma Yosefu peke yake. Walirudi pamoja, wakatafuta pamoja, wakafika hekaluni pamoja. Na Maria aliposema na mtoto, alisema kwa niaba ya wote wawili, tena alimtaja Yosefu kwanza ndipo akajitaja mwenyewe. Huzuni yao ilikuwa moja. Mtoto hakuwa na haja ya kuuliza nani anasema nini.

Kisha tuliingia basini tukaenda Nyeri ili wavulana wauone mji ambao Baden-Powell alimalizia safari yake. Pale kaburini vijana walisimama wakaionyeshana ile alama. Fundi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwekea mwanawe mkono begani, jambo ambalo sikumwona akilifanya tangu Ijumaa.

KURUDI NYUMBANI

Walifika kwao saa tatu usiku. Haya nimeyapata kwa wote wawili, bwana na bibi, kila mmoja akiwa mbele ya mwenzake. Chakula kilikuwa mezani. Mama, bila kumtazama mumewe, alisema kama desturi, “Mwambie baba yako chakula kiko tayari.”

Mtoto akamtazama baba yake.

Baba akasema, “Nimesikia, Mama watoto. Asante.”

Mama alisimama na sahani mkononi. Baba akamtuma mtoto akaoge, akafunga mlango wa jikoni, akamweleza mkewe yote: pesa, ndugu yake, aibu iliyomfunga mdomo, na maneno ya mtoto ndani ya hema. Akasema, “Nimekukosea. Naomba samahani.”

Msidhani kwamba walikumbatiana papo hapo. Mke alimwambia, “Miezi minne nakungoja useme. Kumbe ulikuwa unangoja mtoto akufundishe?” Akajibu, “Ndiyo.” Mke akalia. Ananiambia kwamba hakulilia pesa. Alilia alipofikiri jinsi kijana wake alivyokuwa akisimama mlangoni akichagua maneno kabla ya kuingia. Akaona kwamba yeye naye alikuwa amemtumia mtoto, ingawa ndiye aliyekosewa.

Kosa la kwanza lilikuwa la mume, na sitaki mtu yeyote asome habari hii akadhani mke alitakiwa kunyamaza tu asiumie. Alikuwa na haki ya kuumia. Karo ya binti yake ilikuwa imechukuliwa bila yeye kujua. Lakini haki yake haikuwa mzigo wa kumtwisha mtoto. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Na fahali wakinuniana tu, wapendwa, nyasi bado zinakanyagwa.

Pesa hazijarudi zote. Ndugu yule analipa kidogo kidogo, naye mke ndiye anayetunza daftari, kwa mapatano ya wote watatu. Hasira nayo haijaisha yote. Ziko siku inarudi. Lakini mtoto amestaafishwa kazi ya utarishi, wala hakuna aliyeajiriwa mahali pake.

KINYWA CHAKO MWENYEWE

Kwa nini nimewasimulia haya kwa urefu hivi? Kwa sababu yanagusa sakramenti yenyewe. Katika Kanisa letu la Kilatini, wahudumu wa sakramenti ya ndoa ni bwana na bibi wenyewe. Padre husimama pale kama shahidi wa Kanisa, huyapokea maagano yao na kuwabariki. Kumbukeni siku ile. Hamkuniambia mimi, “Padre, mwambie bwana arusi kwamba nimemkubali.” Mlitazamana, mkashikana mikono ya kuume, kila mmoja akasema kwa kinywa chake mwenyewe na kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Ndoa ilianza kwa maneno yasiyopitia kwa mtu mwingine. Itaendelea kuishi kwa njia hiyo hiyo.

Mume na mke wanapoacha kusemezana, huduma hiyo inasimama. Neema ya sakramenti haiondoki, lakini ni kama maji yaliyofungiwa bomba: yako, wala hayamwagiki bustanini. Na mara nyingi mtoto huchukua ndoo kwenda kuyatafuta. Huyo ndiye mtoto anayekuwa mpole kupita kiasi, anayechekesha kila mtu mezani, au anayeanza kuumwa tumbo kila mnapokasirikiana. Mnasema, “Huyu hana shida kabisa.” Mwangalieni tena.

Mtakatifu Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha kwamba baba anapokosekana familia hupata madhara makubwa, na kwamba madhara hutokea vile vile baba anapokuwapo kama mtawala anayekandamiza. Tuliona yote mawili katika mtumbwi mmoja: baba ambaye hakumjua mwanawe, na baba aliyejua kufoka tu. Naye marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020 juu ya Mtakatifu Yosefu, alieleza kwamba mtu hazaliwi akiwa baba, wala hawi baba kwa kuleta tu mtoto duniani. Anakuwa baba kwa kumtunza. Basi, bwana, ikiwa hujaanza, hujachelewa kuanza. Lakini kumbukeni maneno ya yule kijana: mto hausubiri. Leo yuko nawe nyumbani, kesho ni shule ya bweni, keshokutwa amekuwa mgeni anayekuja Krismasi.

MASHAURI MACHACHE

Kwanza, kuanzia leo mfuteni kazi tarishi. Neno la mume limfikie mke kwa mdomo wa mume, na la mke kwa mdomo wa mke. Kama mmekasirika mno kiasi cha kushindwa kusema, semeni basi hilo moja: “Leo nina hasira, tutazungumza kesho baada ya chakula.” Hata hilo ni neno, na mtoto akilisikia hulala. Mtume Paulo katika Waefeso 4:26 anatuonya tusiache jua lituchwee tukiwa na hasira. Msiache basi miezi minne ituchwee.

Pili, mkikosana mbele ya watoto, patanisheni pia mbele yao. Wengi hugombana sebuleni na kusameheana chumbani. Mtoto ameona vita tu, amani hakuionyeshwa. Papa Fransisko aliwakumbusha wanandoa katika Amoris Laetitia, mwaka 2016, maneno matatu madogo: naomba, asante, samahani. Watoto wayasikie yakitoka kwenu kwenda kwa mwenzenu, si kwao tu.

Tatu, akina baba, mpeni kila mtoto muda ambao ni wake. Si lazima iwe safari ya mtumbwi. Yako mambo ya bure: kutembea naye hadi dukani, kumpeleka gereji akushikie spana, kuchunga, kupalilia, kupika madonge ya ugali. Wala msijaze muda huo kwa mawaidha. Yule mtoto hakuuliza swali lake kwa sababu baba alihubiri. Aliuliza kwa sababu taa ilikuwa imezimwa, simu zilikuwa zimekusanywa mfukoni mwa kiongozi, na baba hakuwa na mahali pa kwenda. Na mabinti msiwasahau. Wanamhitaji baba sawasawa.

Nne, akina mama, mfungulieni baba mlango. Wako wanaume wasioingia katika malezi kwa sababu kila wanapojaribu huambiwa wamekosea: amemvalisha vibaya, amemlisha vibaya. Acheni ugali uwe na madonge. Wala msimseme baba vibaya masikioni mwa mwanawe. Kijana anayefundishwa kumdharau baba yake hufundishwa kujidharau mwenyewe.

Tano, mkipeleka watoto kambini, wajueni wanaokwenda nao. Ulizeni viongozi ni akina nani, wangapi, watalala wapi, nani anajua kuogelea. Kiongozi mwema hakasiriki akiulizwa.

Na wewe mama uliye mjane, au ambaye mumeo yuko mbali akitafuta riziki, au amewaacha, usisome haya ukadhani mwanao amenyimwa. Katika kambi ile alikuwako babu wa miaka karibu sabini na mjukuu wake. Hakuingia mtumbwini. Aliketi ukingoni na fimbo yake akilitaja jina la mjukuu kila alipopita. Yosefu mwenyewe hakumzaa Yesu kwa mwili, na hakuna mwanamume aliyekuwa baba kuliko yeye.

Mwisho, kama katika nyumba yako kuna mapigo, vitisho au ulevi unaohatarisha maisha, hayo hayatatuliwi kwa mazungumzo ya jikoni peke yake. Nenda ukaseme: kwa padre, kwa wazee unaowaamini, na pia kwa serikali. Kunyamaza mbele ya hatari si uvumilivu wa Kikristo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

Usiku mmoja wa juma hili, watoto wakiisha lala, ketini wawili na mwulizane:

1. Je, kuna jambo ambalo mwenzangu hulisikia kutoka kwa watoto, jirani au ndugu kabla ya kulisikia kutoka kwangu?

2. Katika nyumba yetu, ni mtoto gani anayejaribu kutupatanisha? Tumewahi kumwambia kwamba hiyo si kazi yake?

3. Ni jambo gani ambalo mtoto wetu anaweza kulifanya nasi hatujui kwamba anaweza?

4. Kuna pesa au uamuzi wowote ambao nimemficha mwenzangu? Nitamwambia lini?

Swali la nne msiliruke.

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyetafutwa siku tatu na Maria na Yosefu, utazame nyumba zetu. Utupe sisi wazazi moyo wa kuwatafuta watoto wetu pamoja, si kila mmoja kwa njia yake. Fungua vinywa tulivyovifunga kwa hasira na kwa aibu. Wapumzishe watoto waliochoka kubeba maneno yetu. Waponye wanandoa ambao usiku huu wanalala wamepeana migongo, na kesho asubuhi uwape neno la kwanza. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, utuombee. Amina.